Kadi Mpya, Kisanduku cha Zamani

Kadi ilifika Bangboka ndani ya begi la msafiri aliyetoka Goma, imeviringishwa kwenye kipande cha kitenge na kufunikwa na fulana za mtoto. Shemeji aliipokea mlangoni mwa uwanja huo wa ndege wa Kisangani. Kazi yake ni kutunza taa za njia ya ndege, kwa hiyo mzigo wowote wa familia unaoshuka Bangboka hupita mikononi mwake. Aliniletea nyumbani, mtaa wa Kabondo, kwa pikipiki, akaiweka mezani bila kuifungua, akaomba maji ya kunywa.

Yeye ni mdogo wa mume wetu marehemu. Nasema mume wetu kwa sababu tulikuwa wake wawili. Mke mkubwa, ambaye tangu mwanzo nimemwita yaya, yaani dada mkubwa, alikuwa na nyumba yake Mangobo na ndiye aliyekaa dukani mjini, akipokea watu waliotaka kupigiwa picha na filamu za harusi, za matanga, za wanafunzi wanaotetea kazi zao chuo kikuu. Mimi niliolewa baadaye, nikiwa nimetoka kumaliza masomo ya kompyuta, na kwa sababu hiyo kompyuta ya kazi iliwekwa kwangu. Mume wetu alipiga filamu, mimi nilizikata na kuziunganisha, yaya aliziuza. Alipofariki kwa ugonjwa wa sukari tulikaa eda kila mmoja nyumbani kwake. Eda ilipoisha, mteja mmoja alikuja dukani kuuliza filamu yake, yaya akanipigia simu, nikamwambia itakuwa tayari keshokutwa. Hivyo ndivyo kazi ilivyoendelea. Hakuna aliyekaa chini kuamua kwamba iendelee.

Tulimchukua mpigaji filamu mpya mwenye kamera mpya. Kamera ile ilitoa picha safi sana, na kompyuta yetu haikuziweza. Nilipokuwa nikikata harusi, bibi arusi aliinua mguu, akabaki hivyo hewani, kisha ghafla akawa ameshafika upande wa pili wa ukumbi. Nilikata kwa kukisia. Ndiyo maana tuliagiza kadi ya picha, ile sehemu inayobeba kazi yote ya picha ndani ya kompyuta, yenye nguvu kuliko ile iliyokuwamo. Kulikuwa pia na haraka. Familia moja yenye asili ya Basoko ilikuwa imeozesha binti yao hapa Kisangani, na bibi yake mzaa mama hakuweza kusafiri. Walitaka kushuka na filamu kwa baleinière, mashua ile ndefu ya mbao inayobeba watu na mizigo mtoni, wamwonyeshe bibi akiwa bado na macho ya kuona.

Shemeji alipomaliza maji alifungua kitenge. Kadi ilikuwa kubwa kuliko nilivyotazamia, yenye feni mbili.

"Iko nzito," alisema akiipima mkononi. "Kitu ya nzito hivi iko nakula courant."

"Umeme itakula. Ona hapa." Nilimwonyesha tundu la pini kwenye ukingo wake. "Hii inaomba waya yake ya pekee. Ile ya zamani haikuomba."

"Na waya iko?"

"Iko moja. Inaingia."

"Kama inaingia, bon, shida iko wapi?"

"Kuingia inaingia. Lakini sijue kama alimentation itaweza."

Alimentation ni kile kisanduku cha chuma kilicho nyuma ya kompyuta, kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawia sehemu nyingine zote. Shemeji alitoa ubao wa pembeni wa kompyuta, akainama. Kisanduku kilikuwa na karatasi iliyobandikwa, na juu yake namba kubwa nyekundu ya wati, kipimo cha nguvu ya umeme.

"Mia tano," alisoma. "Carte inaomba ngapi?"

"Mia moja na sitini."

"Na processeur, ile akili ya machine?"

"Sitini na tano. Disques na feni, kidogo kidogo tu."

"Donc hata mia tatu haifike. Inabakia karibu nusu. Weka, shemeji."

Hesabu yake haikuwa na kosa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeifanya hivyo hivyo kabla hajafika. Hata hivyo sikuiweka siku ile. Kisanduku kile kilikuwa chepesi mno, na mwalimu wetu mmoja wa kompyuta alikuwa na mazoea ya kusema kwamba kisanduku cha umeme kinapimwa kwanza kwa mkono. Sikujua kama alisema kwa mzaha au la.

Yaya alikuja Ijumaa baada ya sala, amepanda toleka, baiskeli ya abiria, miguu yake upande mmoja na mwavuli umefunguliwa. Ni mwanamke mrefu, hana haraka katika jambo lolote. Alikaa kwenye kiti cha kazi, akaitazama kadi mezani, akanitazama.

"Machine itaweza kuibeba?"

Nikamweleza kuhusu kisanduku. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na kama haitoshe, itafanya je? Itazimika ao itaungua?"

"Kama iko kitu ya muzuri, itazimika tu. Kama iko ya ovyo, inaweza kuungua na kuunguza na zingine."

"Na zingine, ni film ya batu."

"Ndiyo, yaya."

"Tungoje basi. Kwanza toa film yote, unipe."

Nilinakili filamu zote kwenye diski ya pembeni. Ilichukua muda mrefu, na yeye alingoja akichambua pondu, majani ya muhogo niliyokuwa nimenunua asubuhi. Diski ilipokuwa tayari aliifunga kwenye ncha ya liputa yake, kitenge alichojifunga, na kuondoka nayo.

Niseme hapa nilivyofikiri, kwa sababu ndivyo nilivyokaa nikifikiri juma zima. Siku ya arobaini ya mume wetu, mjomba wake alikuwa amesema mbele ya watu kwamba mali ya kazi ni ya nyumba kubwa, na kwamba mke mdogo bado kijana, ataolewa tena. Yaya alikuwapo, hakusema ndiyo wala hapana. Na karibu na wakati huu wa kadi, mtu mmoja wa Kindu, mfanyabiashara wa mchele, alikuwa amenitumia posa kupitia dada yake anayeuza soko kuu, karibu na duka letu. Sikuwa nimejibu. Nilipomwona yaya akiondoka na diski, nilijiambia kwamba ameanza kuhamisha vitu. Leo amechukua filamu, kesho atatuma mkokoteni uchukue mashine. Neno lile "tungoje" nililisikia kama neno la mtu asiyetaka kununua kisanduku kipya kwa ajili ya chombo anachotaka kukichukua jinsi kilivyo. Sikukasirika sana. Niliona ni jambo lenye mantiki.

Familia ya Basoko ilirudi dukani. Yaya alinipigia simu: baleinière inaondoka juma hilohilo, je, filamu iko wapi? Nikamwambia kwa kadi ya zamani haitawahi. Kisha akasema, "Basi muiweke, muone. Film niko nayo huku. Ikiungua, iungue."

Shemeji alikuja siku yake ya mapumziko, asubuhi, saa ambazo umeme wa Kabondo huwa umetulia. Tuliichomoa kadi ya zamani, tukaipachika mpya, tukaunganisha waya. Iliwaka mara ya kwanza. Nikafungua harusi ya Basoko, nikabonyeza. Bibi arusi aliinua mguu na kuushusha. Alivuka ukumbi wote bila kukwama, na nyuma yake shangazi zake wakicheza, vitenge vya sare, kila mkunjo unaonekana. Sikuwahi kuona picha zikitembea hivyo kwenye kioo kile. Shemeji alipiga makofi.

"Nilikuambia nini? Mia tano!"

Nilimalizia kukata sehemu za mwisho. Kisha nikaiagiza mashine itoe filamu nzima, na hiyo ndiyo kazi nzito, kwa sababu inaisukuma kadi na processeur pamoja bila kupumzika. Mstari wa kijani ulianza kusogea. Feni zilipandisha sauti, kama mvua inapokaribia juu ya mabati. Mstari haukuwa umefika hata robo tuliposikia *tak*, kitu kidogo tu, na kioo kikawa cheusi.

Tulitazama juu. Taa ya darini ilikuwa inawaka.

"Ni courant," shemeji alisema. "Imeshuka kidogo tu. Taa haijue, machine inajua."

Lilikuwa jambo linalowezekana. Umeme wa kwetu hushuka na kupanda, na kila mwenye friji mtaani amewahi kulia kwa sababu yake. Tulikuwa na stabilisateur, kifaa cha kutuliza umeme, lakini ilikuwa ya zamani. Tukaiwasha mashine, ikawaka kama kawaida, nikaiagiza tena. *Tak*. Safari hii hata mapema zaidi.

"Tujaribu na groupe," alisema.

Jirani yetu seremala ana jenereta ya kuendeshea randa. Alikubali kutusaidia kwa sababu mume wetu alimpigia picha za harusi bila kumtoza kitu, na hilo alilikumbusha yeye mwenyewe, mbele ya watu, kwa sauti. Tulivuta waya juu ya ukuta. Jenereta ilinguruma, umeme wake ulikuwa imara, sindano ya stabilisateur haikutikisika. Mstari wa kijani ulianza safari. Sote watatu tulikuwa tumesimama tukiutazama, seremala na vumbi la mbao kwenye nyusi. *Tak*.

Seremala alienda kuzima jenereta yake. Shemeji alikaa kwenye kitanda cha binti yangu, akajipangusa uso.

"Basi haiko courant ya mji," alisema.

"Haiko mji."

"Ao carte yenyewe iko mbaya. Batakuwa bamekuuzia kitu ya mbovu."

Hilo nalo liliwezekana. Nikamwambia njia ya kujua ni kukitoa kile kisanduku, tusome karatasi ya upande wa pili, ule unaogusa ukuta wa mashine, kwa sababu namba nyekundu ni jumla tu, na mgawanyo huandikwa ndani. Nilikuwa nimeshika bisibisi yaya alipoingia. Hakutuma ujumbe kwamba anakuja. Watu wa Basoko walikuwa dukani tangu asubuhi, alisema, amewaacha na chai.

Aliona bisibisi.

"Unafungua nini?"

"Alimentation, yaya. Nataka kusoma nyuma."

"Ile vis alizifunga yeye."

Alisema hivyo kwa sauti ileile ambayo angesema nyama haijaiva. Shemeji alitazama sakafu. Mimi nilibaki na bisibisi mkononi. Ni kweli, mume wetu aliikusanya mashine ile na kukaza skrubu zake kwa mikono yake, sehemu moja moja, kabla hata sijaolewa, sebuleni kwa yaya Mangobo. Nilijua habari hiyo lakini sikuwahi kuifikiria. Mwenye kuketi pembeni kumshikia taa siku ile alikuwa yaya.

Yaya alitoka uani. Nilimwona kupitia mlangoni, amesimama karibu na ndoo, hafanyi kitu. Alinawa mikono ingawa haikuwa michafu. Kisha akarudi.

"Fungua," alisema.

Skrubu nne zilitoka kirahisi. Kisanduku kilitoka na vumbi jingi na mjusi mmoja mkavu, aliyekufia kwenye feni siku ambayo hakuna anayeijua. Shemeji alimtupa nje. Niligeuza kisanduku, nikafuta karatasi kwa kidole kilicholowa.

Namba nyekundu ya mia tano haikuwa uongo mtupu. Lakini upande huu kulikuwa na jedwali dogo. Kisanduku cha umeme hakitoi umeme wa aina moja. Kinatoa mistari kadhaa, na mashine za siku hizi hula karibu chakula chote kwenye mstari mmoja, ule wa volti kumi na mbili. Mbele ya mstari huo waliandika ampea kumi na nane. Nilizidisha kwa kalamu, pembeni mwa gazeti, ili wote waone: mia mbili na kumi na sita. Hiyo ndiyo ilikuwa sahani yetu. Kadi peke yake inaomba mia moja na sitini, processeur sitini na tano. Mia mbili na ishirini na tano, kabla ya feni na diski. Zile nyingine zote, mpaka kufikia mia tano, zilikuwa kwenye mistari ambayo mashine yetu haikuigusa.

Shemeji alikichukua kisanduku, akasoma mwenyewe, midomo ikitembea.

"Ah," alisema. "Ni sawa na groupe yetu ya Bangboka."

Akamgeukia yaya, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaelewa. "Yaya, groupe ile iko na njia tatu za kutokea courant. Ukiweka mizigo yote kwa njia moja, inakatika, hata kama zile mbili zinalala bure. Chef wa kazi anauliza: groupe kubwa hivi, kwa nini imekatika? Imekatika kwa sababu mulijaza njia moja. Mi najua ile kitu kila siku, na hapa sikuiona."

"Karatasi ilikuwa imegeukia ukuta," nilisema.

"Alors?" yaya aliuliza. "Tunafanya je?"

Niliwaambia ninavyoona. Tunaweza kurudisha kadi ya zamani na kuiuza mpya. Au tunaweza kuibana kadi mpya kwa programu, isile zaidi ya kiasi fulani. Itafanya kazi polepole kuliko uwezo wake, lakini kwa kasi zaidi kuliko ile ya zamani, na kisanduku hiki kitaivumilia kwa siku chache, ingawa nisingependa kukitegemea mwaka mzima. Au tununue kisanduku chenye nguvu.

Yaya alikaa kwenye kiti cha kazi. Alinyoosha liputa magotini.

"Na wewe utakuwa hapa kwa kuitumikisha?"

Sikuelewa mara moja. Shemeji alielewa, maana alinyanyuka na kusema anakwenda kumsaidia seremala kukunja waya.

"Nitakuwa wapi tena?" niliuliza.

"Kindu."

"Nani alikuambia Kindu?"

"Soko yote inajua. Dada yake anauza mbele ya duka. Unafikiri ana siri?"

"Sijajibu, yaya."

"Sikuuliza umejibu nini. Nauliza hivi: ninunue kitu ya kutia nguvu machine, halafu mutu wa kuitumikisha anapanda ndege? Nitabaki nayo nifanye je? Nitapanga sahani juu yake?"

Nilimwambia basi yale niliyokuwa nikifikiri juma zima: diski, mkokoteni, maneno ya mjomba siku ya arobaini. Sikupamba. Alinisikiliza huku akinikazia macho, kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani.

"Tonton alisema mambo mingi siku ile. Alisema na wali ilikuwa na chumvi mingi."

"Haukumjibu."

"Mbele ya batu, mi nimjibu mukubwa wa bwana yangu? Na wewe haukumjibu." Akaninyooshea kidole. "Film niliichukua kwa sababu ulisema itaungua. Wewe ndiye ulisema."

Ilikuwa kweli. Mimi ndiye niliyesema.

Upande wa pili wa ukuta seremala na shemeji walikuwa wakibishana kuhusu namna ya kukunja waya usivunjike ndani. Nilitaka kumwambia yaya kwamba sitakwenda Kindu, lakini sikuwa nimeamua, na yeye si mtu wa kuambiwa kitu ambacho hakijaamuliwa. Nikasema tu kwamba harusi ya Basoko nitaimaliza kwa vyovyote.

"Maliza hiyo kwanza," alisema. "Ile ingine utaniambia siku utajua."

Tulirudisha kisanduku mahali pake, shemeji akakaza skrubu. Niliibana kadi, kwanza kidogo, mashine ikazimika; nikaibana zaidi. Mstari wa kijani ulitembea, ukapita mahali pale ulipokuwa ukifia, ukaendelea. Yaya hakurudi dukani. Aliwapigia simu watu wa Basoko waende zao, waje kesho bandarini. Alikaa akiutazama mstari kama mtu anayechunga maziwa jikoni yasifurike, na alipochoka kutazama alikwenda kunisongea lituma kwa ndizi zilizokuwa jikoni, kitu ambacho hakuwahi kukifanya nyumbani kwangu. Filamu ilikamilika jua likiwa bado juu ya mabati ya seremala.

Asubuhi yake tuliipeleka bandarini pamoja. Baleinière ilikuwa imeshajaa: magunia ya chumvi, magodoro, mbuzi mmoja asiyetaka kupanda, watu wa Isangi na wa Basoko wakiitana kutoka kwenye ubao wa kupandia. Shangazi wa bibi arusi alipokea ile clé ndogo ya USB yenye filamu, akaifungia kwenye kitambaa cha kichwa, akasema ikianguka majini yeye atairukia. Mashua ilisukumwa. Hatukungoja mpaka ipotee. Yaya alikuwa na mteja.

Juma lililofuata tulikwenda pamoja mjini kununua kisanduku. Muuzaji wa kwanza alituwekea mezani kimoja chenye namba mia saba na hamsini, kimechorwa simba. Yaya alikinyanyua kwa kidole kimoja, akakirudisha. Niliomba kuona jedwali. Muuzaji alisema mimi ndiye mtu wa kwanza kumwomba hivyo, na jedwali lenyewe halikuwapo kabisa. Wa pili alikuwa na kisanduku cheusi kisicho na mapambo, kilichotolewa kwenye mashine ya ofisi moja. Juu yake paliandikwa mia nne na hamsini.

"Tunatafuta nguvu," yaya aliniambia pembeni, "na unachagua kidogo kuliko ile ya zamani?"

Nilimwonyesha mstari wa volti kumi na mbili. Ampea thelathini na sita. Alikitia mkononi, mkono ukashuka kwa uzito wake. Bei alipatana yeye, na sikuingilia, kwa sababu katika hilo sina ninachojua.

Tulikifunga siku ileile. Nilifungua kile kizuizi nilichoiwekea kadi, nikaichagulia mashine kazi ngumu kuliko zote zilizokuwapo, na tukaiacha ikimbie mchana kutwa. Haikuzimika. Kisanduku cha zamani yaya aliomba akichukue, akaenda nacho Mangobo. Sikumuuliza atakiweka wapi.

Mtu wa Kindu nilimjibu baada ya mwezi wa Ramadhani. Nilimwambia dada yake kwamba kama kaka yake anaweza kuishi Kisangani, aje tuzungumze. Mchele wake uko Kindu na hakuweza. Alioa mwaka huohuo, mwanamke wa kwao, na dada yake bado ananisalimia vizuri. Yaya nilimwambia siku hiyohiyo niliyojibu. Alisema "Sawa," akaniuliza kama nimekwisha kukata ile filamu ya matanga ya Lubunga.

Mashine sasa iko dukani, katika chumba cha nyuma, kwa sababu umeme wa mjini hukatika kidogo kuliko wa Kabondo. Mjomba alipita siku moja, akaiona, akadhani nyumba kubwa imeshinda, akampongeza yaya. Yaya alimpa soda. Mimi huja asubuhi baada ya kumpeleka binti yangu shule, na yeye amejifunza kuiagiza mashine itoe filamu nikiwa sipo, ingawa bado haigusi sehemu za kukata, anasema macho yake hayana subira hiyo.

Shangazi wa bibi arusi alipiga simu kutoka Basoko mtandao uliporuhusu. Yaya aliweka sauti juu ili nami nisikie. Bibi ameiona filamu, shangazi alisema, ameiona na majirani, na jana ameiona tena. Anamtambua kila mtu. Ila anauliza kwa nini muziki uko juu hivyo, hakusikia maneno waliyosema wakati wa kukabidhi mahari, na hayo ndiyo aliyotaka kuyasikia.

"Mwambie mama tumesikia," yaya alijibu. "Tutashusha, tutamtumia ingine." Akakata simu, akageukia kwangu. "Maneno ya mahari iko wapi kwa film?"

Nikamwonyesha. Alivuta kiti, akakaa karibu, na tukaanza kuitafuta sauti ya baba wa bibi arusi chini ya muziki.